Tathmini ya miradi ya mafunzo ya ufundi stadi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia kwa wakuu wa vyuo, maofisa wa miradi, wafadhili wenyewe, na vijana wanaoingia kwa mara ya kwanza katika kazi ya ufuatiliaji na tathmini. Si lazima uyasome yote kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja kwenye lile linalokusumbua.

Ufuatiliaji, ukaguzi na tathmini si kitu kimoja?

Hapana. Ufuatiliaji ni kazi ya kila siku ya mradi: nani amehudhuria, kozi ngapi zimefunguliwa, vifaa vimefika au bado. Ukaguzi unaangalia kama fedha zilitumika kwa utaratibu uliokubaliwa. Tathmini inauliza swali zito zaidi: maisha ya waliofunzwa yamebadilika? Yamebadilika kwa sababu ya mradi, au yangebadilika hivyo hivyo? Na fedha ile isingefanya kazi kubwa zaidi mahali pengine? Mradi unaweza kupita ukaguzi bila doa, ukafuatiliwa vizuri mwezi hadi mwezi, na bado usiwe umemwongezea mtu yeyote riziki.

Tumefunza watu 400 na karibu wote wana vyeti. Si hayo ndiyo mafanikio?

Hayo ni mazao ya mradi, bado si matokeo yake. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, wanatenda nini tofauti wakiwa kazini, na mwishowe nini kimebadilika kutokana na hayo. Ripoti nyingi za ufundi stadi zinazopita mezani kwangu zinaishia ngazi ya kwanza na nusu ya pili. Washiriki walifurahi, walifaulu mtihani, basi.

Wazo la kwamba ukifungua chuo cha ufundi kazi zitakuja zenyewe ni la zamani, na lilipingwa zamani. Mwaka 1965 Philip Foster, akiichunguza Ghana, alieleza kwamba vijana waliokimbilia shule za kawaida badala ya za ufundi hawakuwa wamepotoka. Walikuwa wamelisoma soko la ajira vizuri kuliko wapangaji: mshahara na heshima vilikuwa kwenye kazi za ofisini. Shule haiwezi kubadilisha soko kwa kubadilisha mtaala tu. Hoja ile bado ina uzito, na ndiyo maana kuhesabu vyeti hakutoshi.

Vile vigezo sita vinavyotajwa kila mahali ni vipi?

Ni vya Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri. Kamati hiyo inajulikana kwa kifupi kama DAC. Vilianza vikiwa vitano mwaka 1991. Mwaka 2019 vikafanyiwa marekebisho na cha sita kikaongezwa. Kwa Kiswahili mimi naviita ufaafu, upatanifu, ufanikishaji, tija, athari na uendelevu. Wengine wana maneno yao, na si vibaya, mradi ripoti nzima itumie msamiati mmoja.

Ufaafu unauliza kama mradi unajibu hitaji la kweli la vijana na la waajiri, na si hitaji la aliyeandika andiko la mradi. Ufanikishaji unauliza kama malengo yamefikiwa. Tija, athari na uendelevu nitavigusa huko mbele. Cha sita, upatanifu, ndicho kilichoongezwa, na kwenye ufundi kina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chuo kimoja kinaweza kuwa na wafadhili wanne: mmoja anajenga karakana, wa pili analeta mashine, wa tatu anaandika mtaala, wa nne anawapeleka wakufunzi kozi. Kila mmoja akitathminiwa peke yake anapata alama nzuri. Ukisimama katikati ya karakana ile, unakuta mtaala unataja mashine ambazo si zilizoletwa, na mkufunzi aliyepelekwa kozi alifundishwa kwenye mashine za aina ya tatu. Hapo hakuna mfadhili aliyeshindwa, ila mwanafunzi amekosa mafunzo.

Jambo moja zaidi: DAC wenyewe wanasisitiza kwamba vigezo vitumike kwa kufikiri. Si fomu. Kama kigezo kimoja hakina la maana kwenye mradi wako, sema hivyo kwa aya moja uendelee.

Tathmini ianze lini?

Kabla mwanafunzi wa kwanza hajasajiliwa. Najua jibu hili linawaudhi wengi, kwa sababu swali huletwa mradi ukiwa umebakiza miezi miwili. Lakini kama hukuandika mapato na kazi za waombaji siku wanaingia, hutakuwa na pa kulinganishia siku wanatoka. Kumwuliza mtu leo alikuwa akipata kiasi gani miaka mitatu iliyopita ni kumlazimisha abuni.

Upande wa pili ni kutoharakisha mwisho. David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber walikusanya tathmini zaidi ya 200 za programu za ajira kutoka nchi nyingi na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 2018. Waliona kwamba faida ya mafunzo huwa ndogo mara tu baada ya kumaliza, kisha hukua miaka miwili mitatu baadaye. Ukipima wiki ya mahafali utaudhulumu mradi mzuri. Na mradi mbovu unaweza kuonekana mzuri wiki hiyo hiyo, kwa sababu kila mtu ana furaha na suti mpya. Mwombe mfadhili, ndani ya mkataba wa kwanza kabisa, atenge fedha za kuwafuata wahitimu baada ya miezi sita na tena baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Usipozitenga mapema, mradi ukishafungwa hakuna mwenye ofisi wala mwenye gari.

Tunafanya utafiti wa kuwafuatilia wahitimu, lakini hatuwapati. Tufanyeje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo namba nyingi za uongo zinapozaliwa, na wanaoziandika hawana nia mbaya.

Chukua mfano wa wahitimu 400. Unakaa na orodha, unapiga namba ya kwanza: haipatikani. Ya pili inaita bila kupokelewa. Ya tatu inapokelewa na mtu aliyeuziwa laini mwaka jana na hamjui unayemtafuta. Jioni ya siku ya tano umewapata 160. Kati yao 112 wanafanya kazi. Ripoti inaandikwa: asilimia 70 ya wahitimu wana kazi.

Lakini wale 240 wako wapi? Kama wote hawana kazi, kiwango cha kweli ni asilimia 28. Kama wote wanayo, ni asilimia 88. Ukweli uko mahali fulani kati ya hizo mbili, na asilimia 70 ni makisio tu ndani ya nafasi pana mno. Tena makisio yanayoelemea upande mmoja, maana mwenye kazi ana uwezo zaidi wa kuiweka simu yake hewani, na mwenye habari njema hupokea simu ya chuo haraka kuliko mwenye aibu ya kukaa bure. Kinyume chake pia hutokea: waliofanikiwa sana wamehama na kubadilisha namba.

Yafuatayo yanasaidia. Siku ya usajili chukua namba za watu watatu wasiohama ovyo: mzazi, mlezi, jirani wa siku nyingi. Waulize wahitimu wakiwa bado chuoni wanadhani watakuwa wapi mwaka ujao. Tuma ujumbe mfupi kila baada ya miezi michache, si wa kuhoji, wa kujua tu namba bado ipo. Na ukifika mwisho ukiwa na 240 usiowapata, usikate tamaa wala usijifanye hawapo. Chagua 40 kati yao kwa bahati nasibu, kisha weka nguvu zote kuwatafuta hao 40 kwa miguu, nyumba kwa nyumba kama inabidi. Hao 40 ukiwapata karibu wote watakuambia mengi kuhusu 240 kuliko simu mia nyingine zisizopokelewa.

Na kila asilimia kwenye ripoti iandikwe pamoja na idadi ya waliopatikana na idadi ya waliotafutwa. Nikiwa bado mgeni wa kazi hii nilishiriki tathmini ambayo hatukuandika hivyo. Namba yetu ilichukuliwa ikawa lengo rasmi la awamu iliyofuata, na chuo kikalaumiwa kwa kushindwa kufikia kiwango ambacho huenda hakikuwahi kuwepo. Walimu wale walivunjika moyo kwa kosa letu.

Swali "una kazi?" lina ubaya gani?

Lina ubaya mkubwa, hasa kwa Kiswahili. Kijana anayeshonea nyumbani na kupata wateja watatu kwa wiki ukimuuliza "una kazi?" atajibu hana. Kwake kazi ni ajira: mkataba, mshahara, mwisho wa mwezi. Anachofanya yeye anakiita kuhangaika, kubangaiza, au vibarua. Mwenzake mwenye shughuli ile ile, akiulizwa na mtu wa mradi aliyemlipia ada, atajibu anayo, kwa adabu tu.

Watakwimu wana tatizo la upande wa pili. Kwa vipimo vya kimataifa vilivyokubaliwa chini ya Shirika la Kazi Duniani mwaka 1982, mtu aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu ndani ya wiki inayoulizwa anahesabiwa ameajiriwa. Marekebisho ya mwaka 2013 yaliiacha saa hiyo moja, ila yakaondoa kwenye ajira kazi ya kuzalisha kwa matumizi ya nyumbani pekee, kama kulima chakula cha familia. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha nchi na nchi. Kwa mradi wa ufundi peke yake hakitoshi.

Kwa hiyo usiulize kama ana kazi. Uliza: siku saba zilizopita ulifanya nini kilichokuingizia pesa au kilichotarajiwa kukuingizia? Saa ngapi? Ulibaki na kiasi gani baada ya gharama? Ulitumia ulichojifunza chuoni? Vifaa ni vyako, vya kuazima au vya mwenye karakana? Swali la vifaa wengi hulisahau. Fundi umeme asiye na kipimo cha umeme na koleo zake mwenyewe anabaki msaidizi wa fundi mwingine, hata cheti chake kiwe cha daraja la kwanza.

Kwa nini watathmini wanang'ang'ania kundi la ulinganisho? Kwani kulinganisha kabla na baada hakutoshi?

Kundi la ulinganisho ni watu wanaofanana na waliofunzwa ila wao hawakupata mafunzo. Kulinganisha kabla na baada peke yake mara nyingi hakutoshi, na kuna sababu iliyochunguzwa vizuri. Mwaka 1978 mwanauchumi Orley Ashenfelter alionyesha kwamba wafanyakazi wa Marekani waliojiunga na mafunzo ya serikali walikuwa wameshuka kipato muda mfupi kabla ya kujiunga. Ni jambo la kawaida: mtu huingia kozi akiwa amepoteza kazi au mambo yamemwendea kombo. Wengi wa namna hiyo wangeinuka tena hata bila kozi. Ukilinganisha siku ya kuingia na mwaka mmoja baadaye, mradi unajipatia sifa ya kuinuka ambako kungekuja kwenyewe. Na vijana hukua. Aliyekuwa na miaka 18 na hana chochote, akifika 21 huwa na kitu fulani, awe amesoma ufundi au la.

Njia iliyo safi zaidi ni kura. Kama waombaji wenye sifa ni 300 na nafasi ni 100, mnachagua kwa bahati nasibu hadharani, kila mtu akiona, kisha mnawafuatilia wote 300. Watu husema ni ukatili. Mimi naona kinyume: 200 watakosa nafasi kwa vyovyote, na kura ya wazi haina mjomba wala rushwa. Ukatili ungekuwa kuacha viti vitupu ili kupata kundi la ulinganisho, na hilo halikubaliki. Kura isipowezekana, tumia orodha ya wanaosubiri awamu ijayo, au linganisha waliovuka alama ya kuingia kwa pointi chache na waliokosa kwa pointi chache. Visipowezekana vyote, fanya unachoweza, ila ripoti iseme mradi "unaelekea kuchangia", isiseme "umesababisha".

Kuna mtego mwingine usioonekana hata ukiwa na kura: mhitimu wako anaweza kupata kazi ambayo angeipata kijana mwingine. Bruno Crépon na wenzake walilipima hili Ufaransa, kwenye programu ya kuwasaidia vijana wenye elimu kutafuta kazi, wakigawa maeneo 235 kwa kura. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba sehemu ya faida ya waliosaidiwa ilitoka kwa wasiosaidiwa wa maeneo hayo hayo. Mahali ambapo kazi ni chache, swali hili lazima liulizwe, angalau kwa kuwahoji mafundi waliokuwepo kabla mradi haujamwaga wahitimu wapya mtaani.

Tathmini zenye ulinganisho mzuri zimeonyesha nini hadi sasa?

Zimeonyesha matokeo ya kiasi, na yanayotofautiana sana. Nchini Colombia, programu ya Jóvenes en Acción ilitoa miezi mitatu darasani na mitatu ya mazoezi kwenye kampuni. Tathmini iliyotumia kura ilikuta mapato ya wanawake waliopata nafasi yamepanda kwa karibu asilimia 20. Nchini Uturuki, kozi za wakala wa ajira wa serikali zilipopimwa kwa namna hiyo, athari ya jumla kwenye ajira ilikuwa karibu na sifuri, na nafuu ndogo ya mwanzo katika kazi rasmi ilififia ndani ya miaka mitatu.

David McKenzie wa Benki ya Dunia alipopitia tathmini za namna hii mwaka 2017 alikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, kwa kila watu 100 wanaopewa mafunzo ya ufundi, ni wawili au watatu tu wanaopata kazi ambayo wasingeipata bila mafunzo. Namba hiyo inauma. Nimeiona ikisomwa mbele ya watu walioutolea mradi wao miaka mingi, na ukimya uliofuata haukuwa wa kawaida. Ila isisomwe kama hukumu kwamba ufundi haufai. Ni wastani wa programu mbalimbali, nyingi zikiwa fupi, na wastani huficha zile zinazofanya vizuri.

Uganda imetupa mfano wa kutia moyo. Oriana Bandiera na wenzake waliwalinganisha vijana waliosoma chuo cha ufundi kwa miezi sita na waliofunzwa moja kwa moja ndani ya kampuni. Makundi yote mawili yaliwapita wasiopata chochote. Lakini kadiri muda ulivyokwenda wale wa chuoni walizidi kupanda, kwa sababu ujuzi wao ulikuwa na cheti kinachotambulika na mwajiri mwingine. Aliyefunzwa ndani ya kampuni akipoteza kazi, hakuwa na cha kuonyesha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa mbuni wa mradi, hilo ni somo kuhusu cheti chenyewe: thamani yake iko kwa mwajiri wa pili, yule asiyekufahamu.

Je, tuwatathmini wanawake na wanaume tofauti?

Lazima, na si kwa kuhesabu vichwa tu. Nchini Malawi, programu ya uanagenzi chini ya mafundi wakongwe ilipotathminiwa, ilionekana kwamba wanaume walioacha njiani mara nyingi walikuwa wamepata nafasi nyingine, lakini wanawake waliacha kwa kubanwa na majukumu ya familia. Kwenye jedwali wote wanaandikwa "ameacha". Neno moja, maana mbili zilizopishana kabisa. Kwa hiyo kila anayeacha aulizwe kwa nini, na aulizwe na mtu asiye mwalimu wake. Msichana aliyekuwa akisumbuliwa na fundi wake hatamwambia mwalimu yule yule aliyempeleka pale.

Ujuzi upimwe vipi? Alama za mtihani zinatosha?

Tazama mikono. Niliwahi kukaa kwenye karakana ya uchomeleaji na vijana wawili wenye alama sawa kwenye karatasi, kila mmoja akipewa vipande vinne vya bomba la mraba atengeneze fremu ya dirisha. Wa kwanza alisugua kutu kwa brashi ya waya, akapanga vipande kwenye sakafu iliyonyooka, akashikiza kila kona kwa nukta ndogo, akapima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili, ndipo akachomelea. Wa pili aliwasha mashine na kumaliza kona ya kwanza yote papo hapo. Joto likavuta chuma. Kona ya nne ilipofika haikukutana. Akaizibia pengo kwa kurundika elektrodi juu yake, kisha akaisaga iwe laini. Kwa mbali fremu mbili zilifanana. Mteja angegundua tofauti siku ya kuweka kioo.

Mtihani wa maandishi usingewatenganisha, na picha ya kazi iliyokamilika isingewatenganisha pia. Weka ndani ya tathmini jaribio dogo la vitendo kwa sampuli ya wahitimu, lisimamiwe na fundi mzoefu asiye wa chuo hicho, naye aandike hatua, si kitu kilichomalizika pekee. Ni siku moja ya kazi na vifaa kidogo.

Waajiri wanasema wameridhika. Tuwaamini?

Waamini wanachofanya kuliko wanachosema. Uliza wameajiri wangapi kutoka chuo hicho mwaka huu, wangapi bado wapo, na kama wako tayari kuchangia gharama za wanagenzi. Na usiwahoji wale tu waliopendekezwa na mkuu wa chuo.

Tija inakokotolewaje?

Gharama zote ugawanye kwa matokeo, si kwa vichwa. Kama kati ya 100 waliofunzwa ni wawili waliopata kazi kwa sababu ya mradi, gharama ya kazi moja iliyoongezeka ni ile ya kuwafunza watu 50. Jumlisha pia kile ambacho hakipo kwenye vitabu vya mradi: muda ambao mwanafunzi angekuwa anaingiza kipato, nauli zake, na mshahara wa walimu unaolipwa na serikali. Kisha linganisha na njia mbadala, kwa mfano kumpa kijana vifaa vya kazi au mtaji. Wafadhili hawapendi ulinganisho huo, lakini walipakodi wa nchi zao na vijana wa nchi zetu wana haki ya kuuona.

Uendelevu tuupime kwa nini hasa?

Anza na stoo. Mashine ya kukereza vyuma ambayo bado ina grisi ya kiwandani miaka miwili baada ya kukabidhiwa inasema mengi kuliko kurasa kumi za mpango wa uendelevu. Uliza spea zinatoka wapi, nani analipa umeme, chuma cha mazoezi kinanunuliwa na fungu gani. Uliza wakufunzi waliopelekwa kozi bado wapo au wameajiriwa na viwanda. Mkufunzi mzuri wa ufundi ni fundi mzuri, na soko linamjua. Halafu rudi mwaka mmoja baada ya mfadhili kuondoka. Tathmini za namna hiyo ni chache mno.

Mtathmini awe wa nje au wa ndani?

Wa nje ana uhuru, wa ndani anajua mambo. Ukiweza, waunganishe. Lakini "wa nje" anayelipwa na meneja wa mradi na anayetarajia kazi ijayo kutoka kwake hana uhuru huo. Hadidu za rejea, yaani maelezo rasmi ya kazi anayopewa mtathmini, ziseme nani anapokea rasimu, nani anaruhusiwa kuomba mabadiliko, na kwamba maombi hayo yataambatishwa kwenye ripoti. Na awemo kwenye timu mtu anayeweza kuhoji kwa lugha ya wahitimu bila mkalimani, pamoja na mtu anayeujua ufundi wenyewe.

Mfadhili anataka simulizi za mafanikio. Tumpe?

Mpe, ila mchague wahusika kwa utaratibu. Chukua waliofanya vizuri kabisa na waliofanya vibaya kabisa, uwaulize wote nini kiliwafikisha hapo. Binti mmoja mwenye saluni na picha nzuri hathibitishi chochote kuhusu wenzake 399. Akiwekwa kando ya aliyeshindwa, mkaona kwamba tofauti yao ni dada aliyemwazima chumba cha biashara, hapo mmejifunza kitu cha kubadilisha kwenye mradi. Na kabla ya picha, ridhaa: aelezwe itaonekana wapi, na kwamba akikataa hapotezi chochote.

Bajeti yetu ni ndogo sana. Tufanye nini kwanza?

Rejista nzuri ya waombaji wote, waliopata nafasi na waliokosa, yenye mawasiliano ya watu watatu kwa kila mmoja na maswali kumi ya mapato na kazi. Ni daftari au jedwali la kompyuta, basi. Ukiwa nayo, mtathmini yeyote atakayekuja baadaye ana pa kuanzia. Ilindeni: ina majina, simu na vipato vya watu, haifai kuzungukazunguka kwenye simu za kila mtu.

Matokeo yakiwa mabaya tuyafiche?

Msiyafiche, na msiwapelekee wafadhili peke yao. Wapeni kwanza waliohojiwa. Mimi huchapisha kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida, naenda nazo karakanani, wahitimu na wakufunzi wanazisoma kabla ripoti haijawa rasmi. Mara ya mwisho mkufunzi mmoja wa umeme aliisoma hadi mwisho, akaenda kabatini, akarudi na daftari la miaka minne lenye majina ya wanafunzi wake wote na kazi wanazofanya sasa, kwa mwandiko wake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.